Kuosha Chombo Kingali Majini

Wahenga walinena kwamba dau la mnyonge haliendi joshi. Mithali hiyo hutumiwa kueleza unyonge wa mwenye dau, asiye na mali wala jaha ya kumsukuma mbele. Walakin nahodha wa tanga anaijua sababu nyingine ya dau kutokwenda joshi, nayo haichagui maskini wala tajiri: ni kile kilichoota chini yake. Tanga huonwa na kila aliyesimama pwani, na nakshi za tezi husifiwa na wapitao. Lakini sehemu ya chombo inayoamua kama kitafika au hakitafika ni ile iliyozama, na watu waishughulikiao aghalabu hawatajwi.

Bahari haiachi ubao mtupu. Chombo kikilala bandarini siku chache, mbao zake huvaa utelezi mwembamba. Juu ya utelezi huota mwani, na baada ya mwani hushika viumbe wenye magamba makali, mfano wa wale wanaokata nyayo za watu mwambani. Hapo chombo kilichokuwa kikiteleza huanza kuburura. Hakipandi upepo, hakisikii usukani, na safari hurefuka ilhali maji ya kunywa ndani ya mapipa hayaongezeki. Adui mkubwa zaidi ni kiumbe laini mwenye umbo la mnyoo, ambaye kwa hakika ni wa jamaa ya chaza, atoboaye mbao na kuishi ndani yake. Kwa nje huonekana tundu dogo tu. Kwa ndani ubao umekuwa kama sega la nyuki. Mwaka 1503 Christopher Columbus alilazimika kuvipandisha ufukweni Jamaica vyombo vyake viwili vya mwisho, vimeliwa na viumbe hao hata haviwezi tena kuelea, akakaa huko mwaka mzima akingoja kuokolewa.

Watu wa mwambao wa Afrika Mashariki walipewa dawa na bahari ileile iliyowapa maradhi. Unguja, wakati wa bamvua, tofauti baina ya maji kujaa na kupwa hukaribia mita 4. Chombo huletwa ufukweni maji yakiwa yamejaa, hutegemezwa kwa magadi, na maji yakipwa hubaki kimesimama juu ya mchanga, mkuku wake wazi machoni pa watu. Mabaharia wana saa chache tu. Hukwangua magamba, huziba nyufa kwa kalafati, hubabua mbao kwa moto wa makuti makavu ili kuua kilichojificha, kisha hupaka deheni, ule mchanganyiko wa chokaa na shahamu. Kikiwa kimelazwa ubavu, ubavu wa pili hungoja kupwa kwa pili. Halafu maji hurudi yenyewe na kukiinua. Hakuna gudi lililojengwa wala fundi wa mashine aliyelipwa.

Kazi hiyo ina umri mkubwa. Ibn Jubayr, msafiri wa Andalusia, alipopita Aydhab katika pwani ya Bahari ya Shamu mwaka 1183, alieleza habari za vyombo vilivyoshonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, kisha vikapakwa samli, au mafuta ya mbarika, au mafuta ya papa. Na hayo ya papa akayataja kuwa ndiyo bora. Wasomaji wa pwani wanayajua mafuta hayo kwa jina la sifa. Kiswahili kimeyapa mafuta yanukayo, yapakwayo chini ya chombo, neno lilelile la sifa ziimbwazo juu ya watu. Sifa moja huenda kwa nahodha na tanga lake, na nyingine hubaki mikononi mwa aliyeinama chini ya mkuku.

Wageni nao hawakuweza kuikwepa kazi hiyo. Vasco da Gama, kabla hajafika Mombasa wala Malindi, alisimama siku 32 mwezi wa Januari na Februari 1498 katika mto wa Quelimane, katika Msumbiji ya leo, vyombo vikisafishwa na kutengenezwa huku mabaharia wake wakiugua kiseyeye. Bila ya kituo hicho safari ya kwenda Kalikuti ingekuwa na shaka.

Hata hivyo kupweleka chombo kuna masharti yake. Kunataka mchanga usio na mawe, bamvua, nafasi na amani, kwa maana chombo kilicholala ufukweni hakiwezi kukimbia wala kupigana. Bahari ya Mediterania karibu haina kupwa na kujaa. Na manowari kubwa za Ulaya, zenye mizinga juu ya sitaha tatu, zilikuwa nzito mno kulazwa pwani kila zinapochafuka. Zilihitaji gudi, na magudi yalikuwa machache. Ndipo ilipotafutwa njia ya kuosha chombo kingali majini.

Kamusi ya ubaharia ya William Falconer, iliyochapishwa London mwaka 1769, inaeleza njia mbili. Ya kwanza ni ufagio wa vijiti vifupi vilivyobanwa baina ya mbao mbili, ufungwao kamba na kuburutwa chini ya chombo ili kukwangua uchafu ndani ya maji. Waingereza waliuita kwa jina la nguruwe, na yeyote aliyemwona nguruwe akichimbua tope ataelewa kwa nini. Njia ya pili ilikuwa kukilaza chombo upande mmoja kikiwa kinaelea. Uzito ulihamishwa, ubavu mmoja ukainuka, na watu wakakwangua mwani na magamba katika sehemu iliyotoka majini, kisha wakapaka shahamu iliyochanganywa na salfa na ulimbo. Kamusi inasema kwamba hayo yalifanywa pasipokuwa na gudi, au palipokuwa na haraka, na inaweka sharti moja: chombo kilazwe kwa kadiri ya usalama tu. Kadiri hiyo ni ipi, na nani wa kuipima?

Swali hilo lilijibiwa kwa msiba tarehe 29 Agosti 1782. Royal George, manowari ya mizinga 100 iliyoshushwa majini mwaka 1756, ilikuwa imetia nanga Spithead, mbele ya bandari ya Portsmouth. Siku hiyo haikulazwa kwa sababu ya magamba, bali kwa ajili ya bomba la kuingizia maji lililokuwa chini ya mstari wa maji na lililohitaji kutengenezwa. Lakini njia ilikuwa ileile. Mizinga ya upande wa kushoto ilisukumwa nje kabisa, na ya upande wa kulia ikavutwa hadi katikati ya sitaha. Meli ikainama. Bahari ilikuwa shwari, na ndani walikuwamo wake na watoto wa mabaharia waliokuja kuwaona, pamoja na wachuuzi.

Kisha tishari lilikuja upande ulioinama na kuanza kupakia mapipa ya ramu. Kila pipa liliongeza uzito pale ambapo uzito ulikwisha kuzidi. Maji yakaanza kuingia katika matundu ya mizinga ya sitaha ya chini. Kwa masimulizi ya baharia aliyenusurika, seremala wa meli alipanda juu kumwomba luteni wa zamu ainyoshe meli, akajibiwa kwa mkato. Alirudi chini, akaona maji yamezidi, akapanda mara ya pili, na mara hiyo pia hakusikilizwa. Amri ilipotolewa, muda ulikwisha kupita. Meli ililala ubavu, ikajaa maji, ikazama karibu na nchi kavu, mbele ya macho ya watu. Walikufa watu wapatao 900, akiwamo Admirali Richard Kempenfelt aliyekuwa chumbani mwake. Mahakama ya kijeshi iliwaachilia maofisa na kuhukumu kwamba kosa lilikuwa la mbao zilizooza.

Mshairi William Cowper alitunga maombolezo ya meli hiyo, na shairi lake likaishi kuliko wote waliohusika. Linamlilia Kempenfelt na mashujaa wake, na linautaja upepo mdogo wa pwani uliotikisa kamba za milingoti na kuipindua meli. Halimtaji seremala. Hilo si kosa la mshairi pekee. Yeye alilia kama taifa lake lilivyolia. Lakini mtu mmoja ndani ya Royal George aliyekuwa ameuona upande wa chini, na aliyepanda ngazi mara mbili kuueleza, hakusikilizwa sitahani, hakutajwa hukumuni, wala hakuingia katika beti.

Wakati huo dawa nyingine ilikuwa imekwisha kupatikana, na Kempenfelt mwenyewe alikuwa miongoni mwa maofisa waliohimiza itumiwe. Mwaka 1761 manowari Alarm ilivishwa mabamba ya shaba chini. Iliporudi, mwani na watoboaji walikuwa wameshindwa, lakini misumari ya chuma iliyogusana na shaba ilikuwa imelika vibaya. Baada ya mafundi kutafuta njia ya kuzuia dosari hiyo, kundi kubwa la manowari za Uingereza lilivishwa shaba kuanzia mwaka 1779. Mwaka 1823 mwanakemia Humphry Davy aliombwa azuie shaba yenyewe isilike. Alifunga vipande vya chuma juu yake, na shaba ikaacha kulika. Lakini magamba yakarudi. Ikadhihirika kwamba shaba ilikuwa ikikilinda chombo kwa kuyeyuka kidogo kidogo na kuyatia maji sumu. Shaba isiyolika haikulinda kitu.

Somo hilo halikushikwa. Katika miaka ya 1960 ilienea rangi yenye kemikali ya tributilitini, na meli zikakaa safi kwa miaka. Katika ghuba ya Arcachon nchini Ufaransa, chaza waliofugwa wakaacha kuzaa na magamba yao yakavimba, hata Ufaransa ikaipiga marufuku rangi hiyo kwa vyombo vidogo mwaka 1982. Mkataba wa kimataifa wa kuikomesha ulipitishwa mwaka 2001 na kuanza kutumika Septemba 2008. Waliougua kwanza walikuwa viumbe wa chini, ambao hawana ngazi ya kupanda wala luteni wa kumwendea.

Leo kazi ya kuosha meli ingali majini imerudi kwa nguvu, ikifanywa na wapiga mbizi na roboti zenye brashi zinazozunguka. Meli safi hutumia mafuta machache, na hiyo ni faida kwa mwenye meli na kwa hewa pia. Lakini brashi hukwangua rangi yenye sumu pamoja na uchafu, na uchafu wenyewe ni viumbe hai waliopandishwa katika bahari moja na kushushwa katika nyingine. Kwa hiyo Shirika la Kimataifa la Bahari lilitoa miongozo mwaka 2011 na kuisahihisha mwaka 2023, na bandari kadhaa zinataka kila kinachokwanguliwa kikusanywe, kisiachwe kizame.

Katika fukwe za Unguja na Pemba, mashua na ngalawa zingali zikingoja maji yapwe. Mtu husimama kando ya chombo chake, kumbi mkononi, akakisugua kuanzia omo hadi tezi. Akikuta ubao umeanza kuoza, huugonga kwa kidole na kumwita mwenzake aje kusikiliza. Maji yakijaa hupwa, na yakipwa huonyesha. Seremala wa Royal George hakuwa na bahari ya namna hiyo. Alikuwa na ngazi, na neno lake.