Kipimo cha mimba kilivyofika chini ya kidevu

Akina mama wa Kawajense, kama wenzao wa kata nyingine za Manispaa ya Mpanda, wanaijua ultrasaundi kama kipimo cha mimba. Wachache wamesikia kwamba kifaa hichohicho kikiwekwa chini ya kidevu huonyesha ulimi wa mtoto unavyopanda na kushuka anapotamka. Mawimbi hupenya nyama ya ulimi, yakikutana na hewa iliyo juu yake hurudi, na kwenye skrini hujitokeza mstari mweupe uliopinda: ndio mgongo wa ulimi. Ukiifuatilia historia ya kipimo hiki utaona kwamba mashine ilitangulia, na maarifa ya kuisoma picha yakafuata kwa kuchechemea. Inafaa Mkoa wa Katavi, ambamo Mpanda imo, ulikumbuke hilo kabla ya kuagiza chochote.

Ian Donald wa Glasgow na wenzake walichapisha picha zao za tumbo na mimba mwaka 1958. Waliotaka kuuona ulimi ukisema waliendelea kutegemea eksirei. Ndivyo Leon Jacobson alivyochunguza irabu za Kijaluo katika miaka ya 1970. Lakini mtoto hafai kupigwa mionzi mara kwa mara. Mwaka 1981 Barbara Sonies, Thomas Shawker na wenzao wa Marekani waliuonyesha ulimi kwa ultrasaundi, na mwaka 1985 Shawker na Sonies wakaeleza jinsi mgonjwa anavyoweza kujifunza matamshi kwa kuutazama ulimi wake mwenyewe. Hata hivyo ilipita miaka kama ishirini kabla Barbara Bernhardt na Bryan Gick wa Vancouver hawajaipa njia hiyo uhai mpya, wakiwafundisha vijana wenye usikivu hafifu. Mwaka 2006 Gick, akiwa na Mkongo Ngessimo Mutaka na wenzao wawili, aliielekeza ultrasaundi kwenye Kinande, lugha ya Kivu Kaskazini. Irabu a, iliyodhaniwa haiguswi na upatanifu wa irabu (irabu za neno moja kufuatana), ikaonekana kwamba inapotamkwa shina la ulimi husogea. Mwaka 2015 Joanne Cleland, James Scobbie na Alan Wrench walichapisha matokeo ya tiba ya matamshi kwa njia hiyo kwa watoto huko Scotland.

Picha hiyo ina faida ambayo sikio halina. Mtoto akisema "tutu" badala ya "kuku", msikilizaji huandika kwamba hana k. Skrini yaweza kuonyesha kwamba mgongo wa ulimi wake unanyanyuka zaidi kidogo kwenye k kuliko kwenye t, ingawa masikioni zote ni t. Huyo tofauti anaijua, ila misuli haijamtii. Tiba yake si sawa na ya mwenzake ambaye ulimi wake hautofautishi kabisa.

Basi mtu atasema: mashine iletwe kesho. Haraka hiyo ina kasoro mbili. Kwanza, kivuli cha mfupa wa taya mara nyingi huificha ncha ya ulimi, na r ya Kiswahili hugongwa kwa ncha. Tafiti nyingi za r zimefanywa kwa Kiingereza cha Marekani, ambacho r yake huumbwa kwa namna nyingine kabisa. Vipimo vyake havituhusu. Pili, Katavi ni mkoa wa Wabende, Wapimbwe, Wakonongo, Wasukuma na Waha, na makazi ya Katumba na Mishamo yana familia zenye asili ya Burundi. Mtoto wa Kisukuma anayesema "langi" ameleta shuleni lugha ya nyumbani isiyotenganisha r na l. Huyo si mgonjwa, na skrini haiwezi kumtofautisha na mgonjwa.

Mwingine atauliza kwa nini tujadili ndimi wakati malaria na uzazi havijatulia. Swali ni la haki, lakini linachukulia kwamba gharama kubwa ni mashine, ilhali mashine za mimba tayari zimo hospitalini. Kinachokosekana ni mtu aliyefunzwa na kipimo cha sauti zetu wenyewe. Chuo Kikuu cha Makerere kilianza kufundisha tiba ya usemi mwaka 2008, na mwaka 2015 Nazreen Gangji na wenzake walichapisha takwimu za awali za matamshi ya Kiswahili kwa watoto wa Dar es Salaam wa miaka 3 hadi karibu 6. Watoto wa Mpanda, wenye lugha mbili tatu kinywani, wanahitaji takwimu za namna hiyo kabla ya skrini. Takwimu hizo zikisubiriwa, mtoto wa miaka minne au mitano ambaye jirani hamwelewi asichekwe wala asiitwe mjinga; apelekwe kwanza kupimwa masikio.