Kamali, Dira na Majina ya Nyota

Imezoeleka kusemwa ya kuwa elimu ya ala za uongozi wa vyombo ililetwa pwani ya Afrika ya Mashariki na Wareno. Maandishi ya Wareno wenyewe yaipinga kauli hiyo. João de Barros, katika kitabu kilichopigwa chapa mwaka 1552, aeleza ya kwamba Vasco da Gama, alipofika Malindi mwaka 1498, alimwonyesha rubani aliyepewa huko asturlabu yake kubwa ya mbao, ala ya kupimia kimo cha jua. Rubani yule, Mgujarati, hakustaajabu; naye akatoa ala yake ya vibao vitatu. Barros amwita Malemo Caná. Hilo ni jina la kazi: sehemu ya kwanza ni muallim ya Kiarabu, iliyotupa mwalimu katika Kiswahili, na ya pili ni neno la Kihindi lenye maana ya mnajimu.

Ala ya namna hiyo Waarabu waliiita kamali. Ni kibao chenye kamba ya mafundo. Baharia aliishika kamba kwa meno, akakisogeza kibao hata ukingo wa chini ukagusa upeo wa bahari na wa juu ukagusa nyota. Mafundo yakampa kimo kwa vidole, kila kidole takriban digrii 1 na dakika 36. Lakini nyota ya Jaa huteremka kadiri chombo kiendavyo kusini, na Kilwa, karibu digrii 9 kusini ya ikweta, haionekani kabisa. Kwa hiyo Ahmad ibn Majid, aliyetunga shairi la Kiarabu juu ya njia ya Sofala, alitumia nyota nyingine za kaskazini, Farkadani na Naashi.

Dira ilipoenea haikuziondoa nyota. Duara yake iligawanywa pande 32, nazo zikaitwa kwa nyota zichomozapo na kutua huko. Ndiyo sababu kamusi za zamani zinalo neno jaa kwa maana ya kaskazini, na suheli kwa maana ya kusini. Ala mpya ilibeba lugha ya elimu ya kale.

Badiliko la zama zetu ni la namna nyingine. Mfumo wa satelaiti wa Marekani, GPS, ulitangazwa kukamilika mwaka 1995. Na mwezi wa Mei 2000 Marekani iliondoa kasoro iliyotiwa makusudi katika ishara zitumiwazo na raia. Tangu hapo hata jahazi dogo laweza kujua mahali lilipo bila ya nahodha kutazama angani. Faida yake ni kubwa, khasa usiku penye miamba. Lakini ala hii hutoa tarakimu tu; haimtaki mtu ajue jaa wala suheli.

Neno dira limepata makao nchi kavu: Tanzania iliuita mpango wake Dira ya Taifa ya Maendeleo 2025. Majina ya nyota hayakupata bahati hiyo. Kamusi yatosha kuhifadhi kuwa suheli ni kusini. Namna nahodha alivyoishika suheli usiku kucha, na maneno aliyompa mshika usukani, hayamo kamusini. Yafaa yakusanywe maadamu wazee waliyoyatumia wangali hai.