Mti Uliotiwa Alama: Historia ya Kupanga Uvunaji katika Misitu ya Umma ya Marekani

Mwezi Agosti mwaka 1975, Mahakama ya Rufaa ya Marekani inayosikiliza mashauri ya West Virginia na majimbo ya jirani ilitoa hukumu iliyosimamisha sehemu kubwa ya biashara ya magogo katika misitu ya taifa ya eneo hilo. Majaji hawakuwa wamegundua jambo jipya juu ya mazingira. Walichofanya ni kuifungua sheria ya mwaka 1897 na kuisoma neno kwa neno. Waliikuta ikisema kwamba katika misitu hiyo unaruhusiwa kuuzwa mti uliokufa, uliokomaa au uliokwisha kuwa mkubwa. Kwamba mti huo sharti utiwe alama kabla ya kuuzwa. Na kwamba ukishakatwa sharti uondolewe msituni. Idara ya Misitu, kwa upande wake, ilikuwa ikitia alama mipaka ya eneo tu, kisha ikiruhusu kila mti uliomo ndani uangushwe, mchanga kwa mkongwe. Kwa maneno mengine, chombo cha serikali kilikuwa kimeivunja kwa miaka mingi sheria iliyokiongoza.

Waliokulia karibu na misitu ya hifadhi Afrika Mashariki wanaifahamu nyundo ya bwana misitu, inayogongwa kwenye gogo ili kuonyesha kwamba limetoka kwa halali. Wazo lililokuwamo katika sheria ya Marekani lilikuwa karibu na hilo, lakini lilianzia mbali zaidi: mtumishi wa umma aende msituni, autazame mti ungali umesimama, na aamue.

Sheria hiyo ilizaliwa katika hofu. Mwaka 1891 Rais wa Marekani alipewa uwezo wa kutenga ardhi ya serikali iwe misitu ya akiba, na wakazi wa majimbo ya magharibi wakalalamika kwamba nchi yao inafungwa. Sheria ya 1897 ikawa suluhu: misitu italindwa kwa ajili ya mtiririko wa maji na pia kwa ajili ya kuwapatia wananchi mbao bila kukoma. Mwaka 1905 misitu hiyo ilihamishiwa Wizara ya Kilimo, chini ya Gifford Pinchot, mkuu wa kwanza wa Idara ya Misitu. Pinchot alisomea elimu ya misitu huko Nancy, Ufaransa, na aliamini kwamba msitu ni kama shamba linalovunwa kwa hesabu, pasipo kuvunwa zaidi ya linavyoota. Elimu hiyo ya Ulaya ilifika pia Usambara, mikononi mwa Wajerumani, karibu miaka hiyo hiyo.

Kuna jambo moja la miaka ya mwanzo ambalo aghalabu husahauliwa. Kwa sheria ya mwaka 1908, robo ya mapato ya misitu ya taifa ilipelekwa majimboni kwa ajili ya shule na barabara za wilaya zenye misitu hiyo. Mwaka 1930 ikaongezwa sheria nyingine, iliyoiruhusu Idara kubaki na sehemu ya fedha za mauzo ili kuotesha miti upya. Nia ilikuwa njema katika yote mawili. Lakini matokeo yake ni kwamba mwalimu wa kijijini, diwani wa wilaya na bwana misitu mwenyewe wote walikuja kupata nafuu kila gogo lilipouzwa. Anayetaka kujua kwa nini mipango ya uvunaji ilielemea upande mmoja kwa muda mrefu aanzie hapo, kabla hajatafuta watu wabaya.

Hadi Vita Vikuu vya Pili uvunaji katika misitu ya umma ulikuwa mdogo, kwa kuwa makampuni yalikuwa na misitu yao. Baada ya vita, askari walirudi, nyumba zikajengwa kwa mamilioni, na misitu ya watu binafsi ikawa imechoka. Hapo macho yakageukia misitu ya taifa. Msumeno wa injini na tingatinga vilifanya kazi ya wiki nzima iishe kwa siku moja, na njia iliyopendelewa ikawa kufyeka: kukata kila kitu katika kipande cha msitu, kisha kuanza upya. Wataalamu walikuwa na hoja zao. Baadhi ya miti yenye thamani haioti kivulini, na kufyeka ni rahisi zaidi kwa gharama. Mwaka 1960 Bunge lilitamka kwamba misitu ya taifa ni kwa ajili ya matumizi mengi, yaani mbao, maji, malisho, wanyama na mapumziko. Tamko hilo, hata hivyo, halikueleza nani aamue pale matumizi hayo yanapogongana.

Mgongano ulitokea Monongahela, msitu wa zaidi ya ekari 900,000 katika milima ya West Virginia. Historia ya msitu huo inatosha kueleza hasira ya watu wake. Mwanzoni mwa karne ya 20 milima ile ilikuwa imekatwa karibu yote, na serikali ikainunua ardhi hiyo iliyochakaa kwa sheria ya mwaka 1911, iliyokusudiwa kulinda vyanzo vya mito. Msitu wa Taifa wa Monongahela ulianzishwa mwaka 1920. Wazee walikuwa wameuona ukiota upya mbele ya macho yao. Mwaka 1964 Idara ilipobadili utaratibu na kufanya kufyeka kuwa njia kuu, wa kwanza kupaza sauti walikuwa wawindaji wa batamzinga mwitu, watu wa vijiji vya jirani waliokuta mabonde waliyoyazoea yamekuwa visiki vitupu.

Magharibi, katika msitu wa Bitterroot, Montana, miteremko mikali ilikuwa ikifyekwa na kuchongwa matuta kwa tingatinga ili ipandwe miche. Seneta Lee Metcalf aliwaomba wanazuoni wa Chuo Kikuu cha Montana, wakiongozwa na Arnold Bolle, wachunguze. Ripoti yao ya mwaka 1970 ilisema bila kuficha kwamba katika msitu ule yale matumizi mengi hayakuwa kanuni inayoongoza kazi. Mbao ndizo zilizotawala. Bolle alikuwa mkuu wa kitivo cha misitu, aliyekuwa akiwafundisha hao hao mabwana misitu. Ndiyo sababu maneno yake yaliuma.

Wana West Virginia walikwenda mahakamani mwaka 1973 wakipinga mauzo matatu ya miti, mbele yao ikiwa Izaak Walton League, chama cha wavuvi na wawindaji. Walishinda, na mwaka 1975 wakashinda tena kwenye rufaa. Majaji wa rufaa walikiri kwamba huenda sheria ya 1897 imepitwa na wakati, lakini wakasema kuibadili ni kazi ya Bunge. Muda si mrefu hakimu wa Alaska akafuata tafsiri hiyo hiyo, na viwanda vya kupasua mbao vikaanza kuhofia kwamba nchi nzima itafungwa.

Bunge likafanya haraka. Sheria ya Usimamizi wa Misitu ya Taifa ilitiwa saini na Rais Gerald Ford tarehe 22 Oktoba 1976. Iliyafuta yale maneno ya mwaka 1897, na kufyeka kukawa halali tena, ila kwa masharti. Kila msitu uwe na mpango wake, ukipitiwa upya angalau kila miaka 15. Mpango utungwe na wataalamu wa fani mbalimbali, si wa miti peke yao, na wananchi wasikilizwe. Pasivunwe mahali ambapo udongo utaharibika pasipo kurekebishika, wala pale ambapo miti haiwezi kuhakikishwa kuota tena ndani ya miaka 5. Kanuni zilizofuata ziliweka ukomo wa kipande kimoja cha kufyeka: kwa kawaida ekari 40, na zaidi kidogo kwa aina chache za misitu.

Katika kanuni hizo, zilizotungwa kwa ushauri wa kamati ya wanasayansi, mlikuwa na sentensi moja ambayo wengi waliipita. Ilitaka kila msitu ubaki na makazi ya kutosha ili wanyama wa asili wenye uti wa mgongo waendelee kuishi humo, wakiwa wametawanyika vizuri. Mwaka 1987 misitu ya taifa ilitoa zaidi ya futi bodi bilioni 12 za mbao. Futi bodi moja ni ubao wa futi moja kwa futi moja, unene inchi moja. Sehemu kubwa ilitoka kwenye misitu mikongwe ya Oregon, Washington na kaskazini mwa California, makao ya bundi mwenye madoa, ndege ambaye watu wengi wa miji ya magogo hawakuwahi kumwona.

Mwezi Mei mwaka 1991, Jaji William Dwyer wa Seattle alisimamisha mauzo katika makazi ya bundi huyo kwa sababu ya sentensi ile. Alisema kosa halikuwa la wanasayansi wala la mabwana misitu, bali la wakubwa wa serikali kuu. Kwa wakata magogo wa Forks au Sweet Home hukumu ilikuwa ni njaa. Ni kweli kwamba mashine mpya viwandani na magogo ya misitu ya watu binafsi yaliyosafirishwa kwenda Japani yalikuwa yamekwisha kupunguza ajira, lakini aliyefungiwa mlango wa kiwanda haoni takwimu, anaona bundi.

Rais Bill Clinton aliwakutanisha wahusika Portland mwezi Aprili 1993, akamkabidhi kazi mwanabiolojia Jack Ward Thomas, ambaye baadaye mwaka huo alifanywa mkuu wa Idara ya Misitu. Mpango uliotoka mwaka 1994 ulihusu ekari zaidi ya milioni 24. Kando ya mito yenye samaki yalitengwa maeneo ya kiasi cha futi 300 kila upande. Misitu mikongwe mingi ikawekwa akiba. Karibu ekari milioni 4 zikabaki kwa uvunaji wa kawaida. Mavuno yaliyotazamiwa yalikuwa kiasi cha futi bodi bilioni 1.1 kwa mwaka, badala ya zaidi ya bilioni 4 za miaka ya 1980, na mara nyingi hata hizo hazikufikiwa. Mwaka 2000 Bunge likaanza kuzilipa wilaya fedha za shule zisizotegemea idadi ya magogo, hatua iliyochelewa kwa miaka 92.

Bundi mwenyewe hajapona. Jamaa yake mkubwa zaidi kutoka mashariki amehamia katika misitu ileile na kumfukuza, kiasi kwamba mwaka 2024 serikali iliidhinisha mpango wa kuwapiga risasi wageni hao kwa miaka 30. Kanuni mpya za mwaka 2012 zimechukua nafasi ya zile zilizombeba mahakamani, na mwezi Machi 2025 Rais Donald Trump ameagiza uvunaji katika ardhi ya umma uongezwe.

Na ile alama? Sheria ya 1976 ilibakisha sharti kwamba miti itakayokatwa iainishwe na watumishi wa Idara, na kutiwa alama inapobidi. Mwaka 2014 Bunge liliongeza njia nyingine: mkataba unaweza kueleza tu jinsi msitu unavyotakiwa kuonekana baada ya kazi, na mtu aliye kwenye kiti cha mashine ya kukatia akachagua mwenyewe mti upi uanguke na upi usimame.