Sare Tano na Vipigo Vitano: Hesabu za Kandanda Barazani Kinama

Katika Kinama, kaskazini mwa jiji la Bujumbura, mitaa mingi imepewa majina ya sehemu za nchi yetu. Iko Ngozi, iko Muyinga, iko Gitega, iko Bururi. Na mtu aweza kutoka Muyinga akafika Bururi kwa miguu kabla chai aliyoiacha kibandani haijapoa. Nimelitaja jambo hili mwanzoni kwa kuwa makala haya yanahusu maajabu ya hesabu, na mtoto wa Kinama huanza kuyazoea maajabu ya namna hiyo tangu siku anapotumwa dukani.

Hesabu ninazokusudia ni zile za mpira wa miguu. Jioni, baada ya kazi, wanaume hukaa kwenye mabenchi mbele ya kibanda cha chai, vijana kwa wazee, wakaanza kuulizana. Kikao hicho kina sheria zake: anayeuliza sharti awe analijua jibu, na anayeshindwa kujibu hulipa chai. Haulizwi nani aliyeshinda jana, maana hilo hata mtoto alijua. Huulizwa mambo yaliyopinda. Ni timu gani iliyotwaa kombe bila kushinda mchezo wa fainali? Ni mchezo gani ambao kila upande ulipata goli, na magoli yote yakafungwa na watu wa upande mmoja? Lugha ya kikao ni Kiswahili, ijapokuwa wengi wao nyumbani kwao husema Kirundi. Nadhani sababu mojawapo ni redio. Matangazo mengi ya kandanda tuliyoyasikia utotoni yalikuwa ya Kiswahili, na hesabu hupenda kukaa katika lugha iliyoisema kwanza.

Tusidhani kwamba mapenzi haya ni yetu peke yetu. Wamarekani wana mchezo wao wa besiboli, ambao huchezwa kwa gongo na mpira mdogo, na washabiki wake wamepita mataifa mengi kwa kupenda takwimu. Mwaka 1971 baadhi yao walikutana Cooperstown, katika jimbo la New York, wakaunda chama cha utafiti wa mchezo huo. Kila mshabiki wao anaijua habari ya Joe DiMaggio, ambaye mwaka 1941 alifanikiwa kupiga mpira na kufika kituoni katika michezo 56 mfululizo; mfululizo huo ulipokatika, alianza mwingine mchezo uliofuata, akafika 16. Lakini wenzetu hao wana magazeti yaliyochapisha matokeo ya michezo yao, jedwali kwa jedwali, tangu karne ya 19. Sisi tulikuwa na redio na vinywa.

Sasa nieleze fumbo lililonifanya nishike kalamu. Jioni moja mzee mmoja, ambaye kwa kawaida husikiliza tu, alinigeukia akasema, "Mwalimu, wewe unayewafundisha watoto wetu, nipe fainali tano, sare tano na vipigo vitano." Sikuwa na jibu. Nililipa chai, kisha nikaenda nyumbani kuhesabu, na hesabu yake ikatoka sawa.

Kati ya mwaka 1991 na 1994, vilabu vya Uganda, Burundi, Tanzania na Kenya vilifika fainali za mashindano ya vilabu vya Afrika mara tano. Mwaka 1991 SC Villa ya Kampala ilicheza na Club Africain ya Tunis katika Kombe la Mabingwa, ikafungwa 6-2 ugenini na kutoka sare 1-1 nyumbani. Mwaka 1992 Villa hiyo hiyo ilifika fainali ya Kombe la CAF: ikatoka sare ya bila kufungana Kampala, kisha ikafungwa 3-0 na Shooting Stars ya Ibadan. Mwaka huo huo Vital'O yetu ilicheza fainali ya Kombe la Washindi na Africa Sports ya Abidjan. Sare 1-1 Bujumbura, kipigo cha 4-0 ugenini. Mwaka 1993 ikawa zamu ya Simba ya Dar es Salaam, iliyotoka Abidjan na sare ya bila kufungana dhidi ya Stella, halafu ikafungwa 2-0 mbele ya watu wake. Mwaka 1994 Kenya Breweries ilitoka sare 2-2 na Motema Pembe ya Kinshasa, ikaenda kufungwa 3-0.

Fainali tano, michezo kumi. Kila klabu katika kila fainali ilipata sare moja na kipigo kimoja, wala hakuna hata mchezo mmoja ulioshindwa na wetu. Magoli tuliyofunga ni 6, tuliyofungwa ni 22. Na mzee aliongeza jambo ambalo mimi nililiona baadaye tu: mwaka 1992 na mwaka 1993, makombe mawili mbalimbali yaliyokuwa karibu kufika Bujumbura na Dar es Salaam yalichukuliwa na vilabu viwili vya mji mmoja, Abidjan.

Mwalimu wa hesabu atauliza kama tumechagua miaka kwa makusudi ili fumbo lipendeze. Atakuwa na haki. Tukirudi nyuma hadi 1979, tutaikuta Gor Mahia ikifungwa mara zote mbili na Canon ya Yaoundé, na pambo linaharibika. Tena yafaa kuuliza "wetu" ni nani. Iwapo Kongo ni ndugu yetu, basi kombe la mwaka 1994 lilikuja nyumbani, kwa sababu Motema Pembe ndiyo iliyolitwaa. Barazani jambo hili lilizua ubishi wa jioni mbili, na mwisho ikakubaliwa kwamba Kinshasa ni mji wa Kilingala, kwa hiyo haihesabiwi. Sikuridhika na hukumu hiyo, lakini nakiri kwamba bila hiyo fumbo lisingesimama.

Jibu la fumbo la kwanza, lile la timu iliyotwaa kombe bila kushinda fainali, ni Gor Mahia hiyo hiyo. Mwaka 1987 ilitoka sare 2-2 na Espérance mjini Tunis, kisha sare 1-1 mjini Nairobi, ikabeba Kombe la Washindi kwa sheria ya magoli ya ugenini. Kombe hilo liliitwa kwa jina la Nelson Mandela, ambaye wakati huo alikuwa angali gerezani. Miaka 36 baadaye sheria ile ile ikatulipiza. Mwaka 2023 Yanga ilifungwa 2-1 Dar es Salaam na USM Alger katika fainali ya Kombe la Shirikisho, ikaenda Algiers na kushinda 1-0. Jumla ikawa 2-2, na kombe likabaki Algeria kwa magoli ya ugenini. Hivyo Gor haikushinda mchezo ikapewa kombe, na Yanga ilishinda mchezo ikanyimwa. Kisha mwaka 2025 Simba ikafungwa 2-0 na RS Berkane nchini Morocco na kutoka sare 1-1 Zanzibar. Mzee wetu aliposikia matokeo hayo alitikisa kichwa tu, akaagiza chai: sare moja, kipigo kimoja.

Washabiki wa Simba, ambao hawakosekani Kinama, wana dawa yao ya maumivu hayo, nayo ni mwaka 1979. Walifungwa 4-0 na Mufulira Wanderers ya Zambia wakiwa nyumbani, watu wakawazika wakiwa hai; wakaenda Lusaka wakashinda 5-0. Sijaona mshabiki wa Simba aliyemaliza wiki nzima bila kuisimulia habari hiyo.

Narudi kwenye Vital'O, kwa kuwa hapo ndipo mambo haya yanaponigusa mwenyewe. Mwaka 1992 nilikuwa mtoto wa shule ya msingi. Nilikuwa na daftari la mistari ambalo nusu yake ilikuwa ya imla na nusu ya pili, kwa siri, ilikuwa ya matokeo ya mpira. Kila Jumapili nilikaa karibu na redio ya baba nikaandika: timu, magoli, na majina ya wafungaji kadiri nilivyoweza kuyasikia. Sare ya 1-1 niliiandika kwa wino mwekundu. Kipigo cha Abidjan nilikiandika kwa penseli, nadhani nikitumaini kwamba kingeweza kufutika.

Mwaka uliofuata timu ya taifa ilikaribia zaidi. Mwaka 1993 Burundi na Guinea zilicheza mchezo wa ziada ili kupata nani aende kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika la 1994, na Guinea ikapita kwa mikwaju ya penalti. Tarehe 21 Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye akauawa, na nchi ikaingia vitani. Fainali ya Simba ya Novemba mwaka huo tuliisikiliza kwa sauti ya chini, mlango umefungwa. Vita vilipofika katika mitaa ya kaskazini, Kamenge na Kinama, watu wengi walihama, nasi tukiwa miongoni mwao. Daftari lilibaki nyumbani. Tuliporudi hapakuwa na daftari, wala redio, wala paa.

Hapa ndipo penye ajabu ambalo barazani halitajwi kwa mzaha. Mwaka 1995, wakati mitaa ya Bujumbura ikiwaka moto, vijana wetu wa chini ya miaka 20 walikuwa wa pili katika Afrika nyuma ya Kamerun, wakaenda Qatar kwenye mashindano ya dunia. Huko walifungwa na Spain na Japan, wakatoka sare 1-1 na Chile. Mwaka 1996, katika michezo ya Olimpiki ya kwanza ambayo Burundi ilishiriki, Vénuste Niyongabo alishinda medali ya dhahabu ya mita 5,000 mjini Atlanta. Ukiichukua miaka ya 1992 hadi 1996 na kuisoma katika jedwali la michezo peke yake, utadhani nchi hii ilikuwa katika zama zake za neema.

Fumbo la pili, la magoli yaliyofungwa na watu wa upande mmoja, nalo ni letu. Tarehe 23 Machi 2019 Burundi ilicheza na Gabon mjini Bujumbura, ikihitaji sare tu ili ifike Kombe la Mataifa kwa mara ya kwanza. Cédric Amissi akatufungia. Kisha Omar Ngando, mlinzi wetu, akajifunga. Matokeo 1-1, Warundi wawili wakiwa wafungaji, na nchi nzima ikacheza ngoma. Tayari nimewasikia vijana wakisema kwamba goli la Gabon lilifungwa na Aubameyang. Jina kubwa huvuta goli kama sumaku, na pasipo mtu wa kusahihisha, baada ya miaka 20 Aubameyang atakuwa amelifunga kweli. Katika mchujo huo hatukupoteza mchezo hata mmoja: ushindi mara mbili, sare mara nne. Tulipofika Misri tulifungwa mara tatu na hatukupata goli lolote. 1-0 na Nigeria, 1-0 na Madagascar, na 2-0 na nani? Na Guinea, ile iliyotufungia mlango mwaka 1993.

Kwa wanaofundisha lugha, niseme neno kuhusu msamiati wa kikao hiki. Mwanafunzi wangu mmoja aliwahi kuandika katika insha kwamba Vital'O ilifungwa "nne kwa sifuri". Si kosa, lakini barazani angechekwa. Mshabiki husema "nne bila". Neno hilo, ambalo katika sarufi tunalifundisha kuwa halisimami pasipo kufuatwa na kitu, hapa limesimama peke yake, likawa jina la tarakimu. Angalieni pia kitenzi "kufunga". Mlango hufungwa, mfungwa hufungwa, timu hufungwa. Na mchezaji akiutia mpira katika lango lake mwenyewe "amejifunga", kama aliyejitia kamba kwa mikono yake. Nimelitumia goli la Ngando kufundisha kiambishi cha kujirejea, na darasa zima lilielewa kwa mara moja.

Walakini kumbukumbu ya barazani ina upungufu wake. Hushika kilichopinda na huacha kilichonyooka. Kila mtu Kinama anaijua nne bila ya Abidjan, lakini nilipowauliza wazee kumi Vital'O ilipita wapi hadi kufika fainali ile, nilipata majibu sita yasiyopatana. Michezo ya ligi yetu ya miaka ya vita, ile ya 1-0 na 2-1 isiyo na ajabu lolote, haina wa kuisimulia. Na wengi katika waliocheza michezo hiyo hawapo tena. Majina yao yalikuwa katika daftari langu.

Nimenunua daftari jipya, la kurasa 200. Hadi sasa nimejaza kurasa 31, na kila matokeo nimeyaandika tu baada ya watu wawili wasiokaa baraza moja kukubaliana. Mwaka 1994 bado ni ukurasa mtupu. Mwalimu yeyote, wa Buyenzi, wa Uvira, wa Kigoma au kwingineko, aliyehifadhi gazeti, tiketi au karatasi ya matokeo ya ligi ya Burundi ya mwaka huo, namwomba amwandikie mhariri. Nakala itatosha, na chai nitalipa mimi.