Wakunga Waliopanda Farasi: Hofu ya Kujifungulia Mbali na Hospitali

Leo hatutaanza na dawa wala chanjo. Leo tutaanza na hofu.

Nikizunguka vijijini kuwatembelea akina mama wajawazito, kuna swali ambalo mara nyingi hutoka mwishoni, nikiwa nimeshafunga mkoba wangu. "Sista, na uchungu ukinishika usiku, hospitali iko mbali, itakuwaje?" Mwingine anaogopa kinyume chake. Anaogopa hospitali yenyewe: kukemewa, kulala wawili kitanda kimoja, kupasuliwa. Mama mkwe naye anasema, "Sisi tulizalia jikoni, na si mnatuona tuko hapa?"

Mpenzi msikilizaji, hofu hizi si ujinga. Akina mama wa nchi nyingine walizipitia kabla yetu. Tukijua wao waliogopa nini, na ni nini kilichowaondolea hofu, tutajua na sisi tushike lipi.

Wakati hospitali ndiyo iliyoogopwa

Twende kwanza Ulaya, katika mji wa Vienna, nchi ya Austria, miaka ya 1840. Hospitali kuu ya mji huo ilikuwa na wodi mbili za kuzalishia. Wodi ya kwanza ilikuwa ya madaktari na wanafunzi wao. Ya pili ilikuwa ya wakunga na wanafunzi wao. Wodi hizo zilipokea akina mama kwa zamu, leo hii na kesho ile.

Mwaka 1846, katika wodi ya madaktari, zaidi ya akina mama 11 katika kila 100 walikufa, wengi wao kwa homa ya uzazi. Katika wodi ya wakunga walikufa chini ya 3 katika kila 100. Wanawake wa mji walijua jambo hilo hata kabla ya wakubwa kulitafakari. Walipiga magoti wakiomba wasipelekwe wodi ya kwanza. Wengine walijifungulia njiani, kisha ndipo wakaingia hospitali, na hao wa njiani homa haikuwapata sana kama walioingia wodi ile.

Daktari mmoja, Ignaz Semmelweis, hakuwacheka. Alijiuliza kwa nini. Aligundua kwamba madaktari na wanafunzi walikuwa wakipasua maiti ili kujifunza, kisha wanakwenda moja kwa moja kuwapima akina mama waliokuwa na uchungu. Wakunga hawakugusa maiti. Mnamo Mei 1847 aliamuru kila mtu anawe mikono kwa maji yenye dawa ya klorini kabla ya kumgusa mama. Mwaka 1848 vifo katika wodi ile vilishuka hadi karibu mama 1 katika kila 100. Hata hivyo, madaktari wengi wa wakati wake walikataa kumwamini.

Angalia jambo hili, mama. Wanawake wa Vienna hawakuwa waoga wa bure. Waliona hatari iliyokuwepo kweli. Jengo lenyewe halikuwa na kosa, kwa maana wodi zote mbili zilikuwa ndani ya hospitali moja. Kosa lilikuwa katika mikono michafu.

Wakunga wa milima ya Kentucky

Sasa tuvuke bahari hadi Marekani, katika milima ya jimbo la Kentucky, miaka ya 1920. Huko Leslie hakukuwa na barabara ya magari. Watu walisafiri kwa farasi na nyumbu kufuata mito. Daktari alikuwa mbali, na wanawake walijifungulia nyumbani, mara nyingi mikononi mwa wakunga wa kienyeji ambao wengi wao walikuwa bibi wa umri mkubwa. Wanawake wa huko waliogopa kama unavyoogopa wewe: damu isiyokoma, mtoto aliyekaa vibaya, usiku, mto uliofurika.

Alikuja muuguzi aitwaye Mary Breckinridge. Huyu mama alikuwa amezika watoto wake wawili. Binti alizaliwa kabla ya siku zake mwaka 1916 na hakuishi hata siku moja. Mtoto wa kiume alikufa mwaka 1918 akiwa na miaka 4. Badala ya kujifungia ndani na majonzi yake, aliamua kazi ya maisha yake iwe kuokoa watoto wa wengine na mama zao.

Hakukimbilia kujenga. Mwaka 1923 alipanda farasi akazunguka milimani akiwatembelea wakunga wa kienyeji zaidi ya 50, akiwauliza wanafanyaje kazi yao. Kisha akaenda Uingereza kusomea ukunga, kwa sababu aliona kwamba uuguzi peke yake hautoshi kwa kazi hiyo. Akapita pia Scotland kuona jinsi watu wa milimani na visiwani walivyofikishiwa matibabu. Mwaka 1925 alirudi Kentucky na kuanzisha huduma ambayo baadaye iliitwa Frontier Nursing Service.

Wauguzi hao walikuwa wakunga waliosomea. Waliishi katika vituo vidogo katikati ya watu, si mjini. Kila mmoja alikuwa na farasi wake, na juu ya tandiko mifuko yenye vifaa safi vya kuzalishia. Ilikuwa inasemwa kwamba baba akiweza kumfikia mkunga, basi mkunga naye ataweza kumfikia mama, hata mto ukifurika. Malipo yalikuwa madogo, na asiye na pesa aliweza kulipa kwa kazi au kwa mazao ya shamba.

Je, watu wa milimani waliwaamini mara moja? Hapana. Mgeni ni mgeni. Lakini wakunga hao hawakusubiri siku ya uchungu ndipo waonekane. Walichanja watoto na kuwauguza wagonjwa wa nyumba zile. Mama akishika mimba, alitembelewa mapema na kupimwa mara kwa mara. Kwa hiyo siku ya kujifungua, aliyeingia mlangoni hakuwa mtu mgeni. Alikuwa ni yule aliyekunywa chai katika nyumba hiyo tangu mimba ikiwa changa.

Watoto 1,000 wa kwanza walipokwisha kuzaliwa, wengi wao nyumbani, hesabu ilipelekwa kwa mtaalamu wa takwimu wa kampuni moja kubwa ya bima ili aikague. Mwaka 1932 taarifa ilitoka. Katika uzazi huo wote, hakuna mama hata mmoja aliyekufa kwa sababu iliyotokana moja kwa moja na mimba au kujifungua. Wakati huo katika Marekani nzima, pamoja na miji yake yenye hospitali kubwa, walikuwa wakifa zaidi ya akina mama 6 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa.

Siri yao ilikuwa nini?

Hapa nakuomba usikilize vizuri, kwa sababu hadithi hii ikisikizwa nusu inaweza kuua mtu. Usitoke hapa ukasema, "Muuguzi wa redio amesema nyumbani ni salama." Sikusema hivyo.

Akina mama wa Leslie hawakusalimika kwa sababu walizalia nyumbani. Walikuwa wakizalia nyumbani tangu zamani, na walikuwa wakifa. Kilichobadilika ni kwamba alikuja mtu aliyesomea ukunga, mikono safi, vifaa safi, aliyewajua kabla ya siku yenyewe. Na nyuma yake palikuwa na msaada. Mkunga alikuwa na maagizo ya daktari yaliyoandikwa, na mwaka 1928 hospitali ndogo ilifunguliwa katika mji wa Hyden. Mama aliyeonekana ana hatari alipelekwa huko mapema. Aliyepata shida ghafla, wanaume wa kijiji walimbeba kwa machela.

Hofu ya akina mama hao iliondolewa na mpango. Hakuna aliyewaambia tu, "Jipe moyo."

Hofu hukaza mwili

Kuna daktari wa Uingereza aliyeitwa Grantly Dick-Read. Mwaka 1933 alitoa kitabu kuhusu kuzaa kwa njia ya asili. Alifundisha kwamba mama akiogopa, mwili hukaza, na mwili uliokaza huongeza maumivu, na maumivu nayo huzidisha hofu. Madaktari wengi walimpinga, na si kila alilosema lilikuwa sawa. Uchungu wa kuzaa ni wa kweli, hautokani na mawazo tu. Lakini jambo moja limethibitika: mama aliye na mtu wa kumshika mkono na kumweleza kinachoendelea hupita leba kwa nafuu zaidi kuliko aliyeachwa peke yake. Shirika la Afya Duniani linashauri kila mama awe na mwenzake anayemtaka wakati wa kujifungua.

Na wewe uliyepasuliwa, usijione umeshindwa. Lengo letu ni mama mzima na mtoto mzima.

Na sisi Kenya?

Kwetu pia akina mama wengi wamezalia nyumbani. Utafiti wa afya wa kitaifa wa mwaka 2008 na 2009 ulionyesha kwamba ni watoto 43 tu katika kila 100 waliozaliwa katika vituo vya afya. Wengine walikosa nauli, wengine pesa ya hospitali, wengine walichukizwa na kauli za wahudumu. Katika miaka hiyo ya 2000, huko Mkoa wa Magharibi, wakunga waliosomea, wakiwemo wastaafu, walitumiwa kuwahudumia akina mama nyumbani na kuwapeleka hospitali palipotokea shida. Ni wazo lile lile la Kentucky, bila farasi.

Juni 2013 serikali iliondoa ada ya kujifungua katika vituo vya umma. Utafiti wa mwaka 2022 ulionyesha watoto 82 katika kila 100 wakizaliwa katika vituo vya afya. Tumepiga hatua. Lakini akina mama bado wanakufa, na damu inayotoka baada ya kujifungua ni mojawapo ya wauaji wakubwa. Mama anayevuja damu nyingi anaweza kufa ndani ya saa 2. Ndiyo maana ninakushauri ujifungulie mahali penye mkunga aliyesomea, dawa ya kuzuia damu, na njia ya kukufikisha kwa daktari. Si lazima iwe hospitali kubwa ya mjini. Kwa mama asiye na tatizo, kituo cha afya cha karibu chenye mkunga kinaweza kutosha.

Ufanye nini sasa?

Anza kliniki mapema, mara tu unapojua una mimba. Mjue muuguzi wako kwa sura, naye akujue. Mwulize waziwazi: "Mimi naweza kujifungulia wapi?" Ikiwa ulipasuliwa zamani, una mapacha, mtoto amekaa vibaya, una presha, huna damu ya kutosha, au ulivuja damu uzazi uliopita, mahali pako ni hospitali yenye daktari wa upasuaji. Hapo usibahatishe.

Weka akiba kidogo kidogo, hata kupitia chama. Uliza kliniki kuhusu usajili wa SHA kabla mimba haijawa kubwa. Andika nambari ya simu ya mwenye gari au bodaboda anayekubali kuamshwa usiku. Chagua mtu wa kwenda nawe, na mtu wa kubaki na watoto. Kama unaishi mbali, sogea kwa ndugu aliye karibu na kituo siku zikikaribia.

Nenda hospitali haraka ukiona damu, kichwa kikiuma sana, macho yakiona giza, uso ukivimba, ukishikwa na degedege au homa, maji yakivunjika kabla ya wakati, au mtoto akipunguza kucheza.

Na kama mtoto atakuja kabla hujafika? Usiogope hadi ukapoteza akili. Anayekusaidia anawe mikono kwa sabuni. Mtoto apanguswe akauke, alazwe kifuani pako ngozi kwa ngozi, mfunikwe pamoja, naye aanze kunyonya. Asivutwe kitovu kwa nguvu ili kondo la nyuma litoke. Kitovu kisipakwe samadi, majivu wala mafuta ya kupikia. Kisha mwende kituoni wote wawili, hata kama mnajiona wazima.

Mama mkwe, nawe una kazi. Wewe ndiwe unayemjua mama huyu na lugha yake ya uchungu. Msindikize, mshike mkono, na uwe wa kwanza kusema "twende".

Hadi kipindi kijacho, ni mimi muuguzi wako wa afya ya jamii. Uwe na afya njema.

Maswali ya kuzungumzia katika kikundi

1. Akina mama wa kijiji chetu wanaogopa nini zaidi kuhusu kujifungua? Hofu hiyo ina sababu gani?
2. Kwa nini akina mama wa Kentucky walimwamini mkunga siku ya uchungu ilipofika?
3. Usiku wa leo mama akishikwa na uchungu hapa kwetu, nani ana gari, nani ana simu, na nani atakwenda naye?