Wahawaii na Televisheni Yao

Jina la Hawaii si geni kwetu, wasomaji wapenzi. Ndiko Padri Damiani, Mbelgiji, alikokwenda kukaa na wakoma wa Molokai mwaka 1873, akafa kati yao mwaka 1889. Walakini habari za wenyeji wenyewe hatuzijui sana.

Mwaka 1893 malkia wao, Liliuokalani, aliondolewa katika kiti chake na wafanya biashara, wakisaidiwa na askari wa manowari ya Marekani. Mwaka 1896 sheria ikaamuru masomo yote yawe kwa Kiingereza. Watoto waliosema Kihawaii shuleni waliadhibiwa, na wazazi wengi wakaona heri kutowafundisha. Hivyo babu na mjukuu walikaa nyumba moja, wasisikilizane.

Televisheni ilifika visiwani mwaka 1952, nayo ilizidi kuleta Kiingereza mpaka ndani ya nyumba. Toka 1968 hadi 1980 ulimwengu ulitazama Hawaii Five-O, polisi wakifukuza wahalifu kando ya bahari. Nchi ilionekana vizuri sana. Wenyewe walisikika kidogo tu.

Msaada ulitoka Hilo. Kila mwaka, katika juma la Pasaka, mji huo hufanya sikukuu ya Merrie Monarch kwa ukumbusho wa mfalme Kalakaua, aliyeirudishia heshima ngoma ya hula. Wageni hudhani hula ni kutikisa kiuno tu. Sivyo! Mikono hufuata maneno ya wimbo, na nyimbo hizo hushika nasaba za wafalme na majina ya milima, mvua na pepo. Asiyejua lugha hucheza bila kujua anasema nini. Mashindano yalianza mwaka 1971, na toka 1981 televisheni ya huko huyaonyesha. Basi usiku tatu jamaa hukaa nyumbani wakitazama, na kila mmoja ni mwamuzi.

Mwaka 1978 Kihawaii kilihesabiwa tena kuwa lugha ya serikali. Miaka mia moja ya kupinduliwa malkia ilipotimia, mwaka 1993, wenyeji walisimulia jambo lile wao wenyewe katika filamu Act of War. Tena mwaka 2008 ikaanza Oiwi TV, televisheni ya Wahawaii, yenye vipindi kwa lugha yao. Na chombo Hokulea kilipozunguka dunia toka 2014 hadi 2017, kikiongozwa kwa nyota kama zamani, wapiga picha wake walikuwa ndani, wakipeleka habari za safari kwa ndugu zao waliobaki visiwani.