Bibi Anayesahau Abaki Kati Yetu: Historia ya Kutufunza

Mabinti wengi mnaojiandaa kuolewa, visiwani au bara, mtaingia nyumba yenye bibi au mama mkwe aliyeanza kusahau. Tumeona tuitazame historia ya upande wa Ziwa Victoria, maana inaonyesha kinachoweza kumpata mzee akishatengwa na watu.

Ukitoka Mwanza mjini kwa barabara ya Musoma unapita Igoma, kisha Kisesa na Magu. Hapa ni Usukumani. Mwaka 1928 serikali ya kikoloni ya Tanganyika ilitunga Sheria ya Uchawi, lakini hofu haikuondoka. Miaka ya 1970 na 1980, na hata baadaye, vikongwe wengi wa Mwanza na Shinyanga waliuawa kwa kudhaniwa wachawi. Macho mekundu yalihesabiwa dalili, ilhali moshi wa jikoni wa miaka mingi unatosha kuyafanya mekundu.

Sasa mfikirieni bibi mwenye maradhi ya kusahau. Hutoka usiku asijue aendako, huongea peke yake, humkana mwanawe. Penye hofu kama ile, hayo yangeweza kumponza, hasa akiwa anaishi peke yake, hana wa kumsemea.

Kilimanjaro, wilayani Hai, watafiti wa Tanzania na Uingereza waliwapima wazee wa miaka 70 na zaidi mwaka 2010. Takriban 6 katika kila 100 walikuwa na maradhi haya. Baadaye baadhi ya wagonjwa wa vijijini humo walikutanishwa kwa vikao 14 katika wiki 7: mazungumzo, nyimbo, michezo na habari za zamani, bila kumtaka mtu ajue kusoma. Matokeo yaliyotolewa 2017 yalionyesha ufahamu wao uliimarika na wasiwasi ukapungua. Hawakupona, lakini kukaa na watu kuliwafaa.

Sisi Waislamu tuna ukumbusho wetu. Surat An-Nahl, aya ya 70, inautaja umri ambao elimu humtoka mtu. Basi kusahau kwa uzeeni si uchawi wala si aibu ya kufichwa.

Kwa hiyo bi harusi, usimfungie bibi chumbani kwa kisingizio cha kumpumzisha. Mpe ungo achague mchele, achambue dagaa, asuke ukili kama alizoea. Moto na kisu viwe mbali. Akikosea usimsute, mchele utauchagua tena akishalala. Sala ikifika, msaidie kutawadha. Sura fupi alizohifadhi chuoni utotoni mara nyingi hubaki hata jina la mjukuu likishapotea. Penye shughuli, mkalishe na wenziwe, na mtu mmoja awe karibu naye.

Iwe Igoma au kisiwani, jirani anayemuona kila siku barazani na ungo wake atamjua kuwa ni bibi yenu. Akipotea njia, atamshika mkono amrudishe nyumbani.